Unga wa Zinki na Mchuzi wa Rosa

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu, na hakuna aliyeniomba! Nawaambia mwenyewe kabla wale wanafunzi hawajaeneza habari mtaa mzima wa Satellite.

Mnajua mimi ni msaidizi wa maabara pale shule, bado niko kwa muda wa majaribio ya kazi. Leo mkaguzi alikuwa anakuja kuniangalia. Akiridhika, naandikwa kazi ya kudumu. Asiporidhika, basi. Asubuhi mke wangu Rosa amenipigia kiatu rangi mpaka kikang'aa.

Sheria ya mle ndani ni moja: chakula marufuku. (Nimeibandika ukutani mimi mwenyewe.) Lakini mchuzi wa Rosa, na bizari yake ile, ukipoa hauliki! Kwa hivyo kila siku saa saba mchana nafunga mlango, naupasha kwa moto wa gesi, ndani ya bakuli la kauri la maabara. Halafu naosha. Naosha sana.

Saa nane kidato cha tatu wakajaa. Mkaguzi akaketi nyuma na kalamu yake. Mwalimu Musyoka wa kemia akanipa oksaidi ya zinki, unga mweupe kama chokaa.

"Wafula, pasha huu tuone."

Nikachukua bakuli la karibu. Lile lile.

Unga ukapata moto, ukaanza kugeuka. Manjano! Manjano ya bizari kabisa!

"Haya, Wafula, unaona nini?" Mwalimu akauliza huku anatabasamu.

Nikajua nimeshikwa.

"Mwalimu, naomba msamaha. Ni bizari."

"Bizari?"

"Ya mchuzi wangu. Huwa napashia humo. Kila siku. Tangu Januari." (Januari nani aliniuliza?)

Mkaguzi akaacha kuandika. Halafu akaandika sana.

Mwalimu akazima moto pole pole. "Bwana Wafula, unga huu ukipashwa lazima uwe manjano. Chembe chache za oksijeni zinatoka, zinaacha nafasi tupu ndani, na kasoro hiyo ndogo ndiyo inabadilisha rangi. Hilo ndilo lilikuwa somo la leo. Ukipoa, oksijeni inarudi."

Na kweli! Tukiangalia wote, unga ukarudi mweupe, safi, kana kwamba haujawahi kusikia habari ya mchuzi. Nilitamani sakafu inimeze.

Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono kwa adabu. "Na leo ulikuwa mchuzi wa nini?"

"Maharagwe," nikajibu. (Mdomo huu, haki ya Mungu!)

Mkaguzi ameniongezea miezi sita ya majaribio. Bakuli nimeamriwa niende nalo nyumbani, ndilo hili hapa kwapani. Oksijeni ilitoka ikarudi. Maneno yangu yametoka yamekataa kurudi.

Sasa acheni kucheka, mmoja wenu anisindikize. Rosa amepika chapati za kusherehekea.