Nakala Tatu za Mapishi ya Kanisa

Jumatatu, 5 Februari

Siku ya ushindi! Leo kamati ya kitabu cha mapishi imeona akili inavyofanya kazi. Kanisa letu linatimiza miaka mia moja mwezi Juni, kitabu kinatakiwa kwa mchapaji tarehe ishirini mwezi huu, na bado hatujachagua mwenyekiti ambaye jina lake litakaa kwenye jalada. Mapishi mia nne na kumi na mawili! Wagombea wawili: mimi, Orrin Tvedt, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji, na Ardis Fossum, ambaye ameyachapa yote peke yake kwa miaka miwili na anadhani hilo linatosha.

Nimeweka programu ya kulandanisha faili kwenye kompyuta yangu, ya Ardis na ya ofisi ya kanisa. Ukibadilisha neno huku, na kule linabadilika papo hapo. Niliandika "siagi nyingi" kwenye yangu, na kwenye ya kanisa siagi ikaongezeka mbele ya macho yao. Mchungaji Solveig alipiga makofi. Nikatangaza kwamba sasa tuna nakala tatu, hata moto uwake hatupotezi kitu.

Ardis akauliza, je, mtu akiharibu kitu kwenye kompyuta moja? Wivu huo. Nikajifanya naongeza kahawa.

Jumatano, 7 Februari

Siri imefichuka! Ardis bado ananakili mapishi kwenye diski kila Ijumaa, kisha anaichomoa na kuipeleka kwa dada yake ng'ambo ya ziwa. Anaichomoa! Nakala ya namna hiyo inakaa kabatini wiki nzima haijui kinachoendelea duniani. Nilimdokeza Mchungaji, kwa upole, kwamba kuna watu wanaogopa maendeleo. Akasema labda. Labda ya Mchungaji Solveig ni nusu ya uteuzi.

Bibi Hildegard Nygaard alikuwepo, miaka tisini na mitatu, amejifunika shali mbili. Kitabu kinangojwa kwa ajili yake hasa. Hakuwahi kumpa mtu vipimo vya lefse zake, zile chapati za viazi ambazo watu huzigombania kila Krismasi. Msimu wa majani kupukutika alimsimulia Ardis mara moja, Ardis akachapa, basi. Leo aliniuliza mara mbili mimi ni mtoto wa nani.

Jumamosi, 10 Februari

Asubuhi. Wazo! Kompyuta yangu imejaa, inatambaa kama konokono. Picha za samaki niliowavua kwenye barafu siwezi kuzigusa. Lakini kwa nini nihifadhi mapishi wakati nakala mbili zingine zipo, moja kwa Ardis na moja kanisani? Nimelifuta folda lote. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Ikauliza tena. Mashine yenye adabu! Nikamwaga na pipa la taka la humo kompyutani, maana sipendi uchafu. Kompyuta sasa inakwenda mbio. Nimejipongeza kwa sandwichi ya samaki.

Alasiri. Mchungaji amepiga simu. Folda la mapishi kanisani ni tupu. Nikamwambia ni baridi, mitambo haipendi baridi. Akasema la Ardis nalo ni tupu.

Nilikaa chini sakafuni jikoni. Nimezima mara tatu, nimewasha mara tatu. Nimepiga goti. Mia nne na kumi na mawili, hakuna hata moja, wala lefse za Bibi Hildegard! Naona haya hata kuandika hapa. Programu imefanya vilevile nilivyoisifia Jumatatu: nilichofanya huku, na kule kimefanyika.

Jumapili, 11 Februari

Tumaini! Baada ya ibada, kwenye kahawa, Ardis alinisogelea na sahani ya biskuti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ile diski ya Ijumaa iko kwa dada yake na ina kila kitu. Akauliza aniletee? Moyo ulinirukaruka. Nikajibu kama mtu aliyelelewa vizuri: hapana, asijisumbue. Akasema si usumbufu, anapita huko. Nikasema hapana kabisa, barabara zina utelezi.

Kila mtu wa wilaya hii anajua adabu ya kupewa kitu. Ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu unakubali kwa shingo upande. Nikangoja ya tatu. Ardis akanitazama. Akamung'unya biskuti. Akasema theluji ya mwaka huu si haba, akavaa glavu zake akaenda.

Mara mbili tu! Mwanamke aliyezaliwa nyumba ya nne kutoka kanisani!

Jumatatu, 12 Februari

Nilikwenda kwake. Nilisimama mlangoni dakika arobaini. Tulizungumzia upepo, bei ya kuni, goti la shemeji yake. Nikasifia koleo lake la theluji. Masikio yalikuwa hayana hisia tena. Mwishowe nikajikaza kisabuni.

"Ardis, naiomba ile diski."

"Sema kwanza ulichofanya."

"Nilifuta kwangu. Nilidhani zenu zitabaki."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Zilizolandanishwa zinafuatana, Orrin. Moja ikitumbukia kisimani, zote zinatumbukia. Ya akiba unaiweka mbali, isijue wenzake wanafanya nini. Ndiyo maana naichomoa."

Nikasema nimeelewa. Akasema kilichomkosesha usingizi si kitabu, ni Bibi Hildegard. Jana alimwomba amsimulie tena zile lefse, Bibi akamwuliza lefse ni nini. Hapo nililia kidogo, nikasingizia upepo. Akaniingiza ndani, akanipa supu, akaniazima diski, ambayo alikuwa ameshaipitia kwa dada yake, hadi Ijumaa ili nirudishe kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne, 13 Februari

Yamerudi! Mia nne na kumi na mawili, na lefse za Bibi Hildegard ukurasa wa tisini, hadi chumvi. Kamati imemchagua Ardis mwenyekiti kwa kura zote, yangu ikiwemo. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono! Mimi ni mtu mpya. Ardis amenigusa bega.

Jioni nikawaza, nimlipe nini kwa wema wake? Kila Ijumaa kuchomeka, kuchomoa, kuendesha gari hadi ng'ambo ya ziwa katika umri ule. Basi nimeiunganisha diski yake nzima na programu yangu. Nakala ya nne! Sasa itakuwa inajisasisha yenyewe, yeye anywe kahawa. Nimemwandikia ujumbe kumpa habari njema.

Kumbe ndani ya diski hiyo mna pia picha elfu sita za wajukuu wake, tangu kuzaliwa. Zimeanza kumiminika kwenye kompyuta yangu hadi imerudia kutambaa. Watoto wazuri, lakini si wangu, na yeye anazo kwenye diski yake. Nimezifuta. Programu imeniuliza kama nina hakika, mara mbili, kwa adabu ileile.

Simu inaita. Ni Ardis. Bila shaka amesoma ujumbe na anataka kunishukuru.