Watumishi Waliotambuliwa kwa Muda kuwa Nguruwe

Serikali ya Denmark, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa kahawa ya kutosha, ilitangaza kwamba Idara ya Taifa ya Nguruwe ingehamishwa kutoka Kopenhagen hadi Hvamstrup, kijiji cha Jutland, ili kusogeza huduma karibu na walengwa. Walengwa walikuwa nguruwe. Maoni yao hayakuchukuliwa. Ya watumishi yalichukuliwa, yakahifadhiwa mahali pakavu.

Idara ilikuwa na vitengo vitatu. Kitengo cha Kilimo kiliwahesabu nguruwe. Kitengo cha Sayansi kiliwapima kama wana furaha. Kitengo cha Fasihi kilihakikisha kwamba hakuna kitabu cha watoto kinachomwita nguruwe mchafu, mlafi au mvivu bila ushahidi. Kitengo hiki cha mwisho kilikuwa Asger Thyboe, peke yake, na birika lake.

Asger hakuwa mtu wa kujidanganya. Alijua kazi yake ingeweza kufanywa na yeyote, au isifanywe kabisa, na nchi isishtuke. Ndiyo maana aliipenda kwa wivu. Katika utumishi wake alikuwa ameunganishwa, ametenganishwa na kupangwa upya hadi akachanganyikiwa, na kila mara alipewa kiti kipya, bosi mpya, na semina ya kujiangusha kinyumenyume ili wenzake wamdake. Mara ya mwisho hawakumdaka. Sasa Waziri wa Mifugo, Merethe Vinterskov, alikuwa ameahidi kwamba wakishatulia Hvamstrup angekuja mwenyewe kutangaza mpango mwingine: vitengo vivunjwe, watu watawanywe, na Asger apelekwe Idara ya Samaki, kisiwani Bornholm, akalinde heshima ya heringi vitabuni. Asger alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakutaka kabisa kuanza upya na samaki.

Jengo la Hvamstrup lilikuwa jipya, lenye hewa na mwanga, na lilikuwa banda la nguruwe. Mkulima aliyelijenga alibadili mawazo dakika za mwisho, akaamua kupanda miti ya Krismasi. Serikali ikalichukua mbio mbio, ikatia meza, ikasahau jambo dogo: kibali cha jengo kiliruhusu nguruwe tu. Halmashauri ilieleza kwa adabu kwamba kubadili kibali ni safari ndefu, na kwa sasa asiye nguruwe asifanye kazi humo.

Hakuna aliyependekeza kuvunja sheria. Sisi Wadenmark ni watu ambao tukikuta taa nyekundu ya waenda kwa miguu, barabara tupu, mvua inatupiga usoni, tunasimama tuli na kusubiri. Anayevuka tunamtazama kama mwizi.

"Basi tuwe nguruwe," alisema Bodil Krogsbøll, mkuu wa Kitengo cha Sayansi, mama mwenye digrii nyingi na subira kidogo.

"Bodil, acha masihara," alisema Asger.

"Masihara gani? Kibali hakisemi nguruwe awe na miguu mingapi. Tuandikwe nguruwe kwa muda, tutimize masharti ya ufugaji, tuchape kazi. Na masharti yenyewe umeyaandika wewe. Au unakikimbia chakula ulichokipika mwenyewe?"

Ni kweli aliyaandika yeye. Wanasayansi walijua walichotaka kusema, lakini Asger ndiye aliyejua kukisema mtu akafika mwisho wa sentensi akiwa hai. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Watumishi wote arobaini wakakubali kuwa nguruwe, isipokuwa mmoja wa Kilimo aliyeomba ieleweke kwamba hana msimamo.

Halmashauri haikuona kosa, ikagonga muhuri. Hapo mambo yakaanza kunoga. Masharti yalitaka kila nguruwe apate nafasi ya kujilaza ubavu bila kumgusa mwenzake. Kopenhagen walikuwa wakipigana viwiko kwenye meza moja ndefu. Yalitaka mwanga wa kutosha, manyunyu ya maji siku za joto, na majani makavu ya kufukua-fukua wakati wote, ili akili isidumae. Kelele zikizidi kipimo lazima zikomeshwe, hivyo mkutano wa kila Jumatatu ukafutwa. Kitengo cha Sayansi, ambacho hupima furaha kwa kutazama kama mkia umejikunja, kilikwama kidogo. Kikaamua badala yake kuhesabu wanaopiga mluzi. Walikuwa wengi, na baadhi yao walijua nyimbo nzima.

Jambo moja tu liliwaliza. Sheria inakataza nguruwe kulishwa nyama ya nguruwe mwenzake, kwa hiyo mkate mweusi wenye maini ya nguruwe yaliyosagwa uliondolewa mezani, na nafasi yake ikachukuliwa na jibini. Kumnyima Mdenmark mkate ule ni kama kumtia msibani. Walivumilia kishujaa, na mchana ukifika waliongea kwa sauti ya chini kama watu waliotoka mazishini.

Asger mwenyewe alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu ujana. Siri ilikuwa kifungu alichokitunga miaka mingi nyuma, jioni moja ya baridi, akiwa amemeza divai kidogo: *Nguruwe waliozoeana wasitenganishwe, wala wasichanganywe na wageni, kwa kuwa jambo hilo huwatia simanzi na kuwafanya wang'atane.* Alipokiandika aliwafikiria nguruwe. Sasa akikisoma machozi yalimlengalenga, wala hakuona haya. Kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amemwandikia kitu kizuri, hata kama mtu huyo alikuwa yeye.

Waziri alifika siku ya uzinduzi akiwa na buti mpya za mpira na mpiga picha. Kwetu waziri huitwa kwa jina lake la kwanza. Ndiyo namna yetu ya kuonyesha kwamba hatumwogopi, huku tumesimama wima.

"Jamani, pananukia shamba kabisa!" alisema Merethe, akiyatazama majani. "Mapambo mazuri."

"Si mapambo," alisema Asger. "Ni haki yetu."

Merethe alicheka kama wanavyocheka viongozi wasipoelewa. "Haya, nisikilizeni. Nimewaletea habari njema. Mwezi ujao tunavunja vitengo. Sayansi mnakwenda Aalborg, Kilimo Odense. Na wewe Asger, heringi wanakusubiri kwa hamu!"

Mdomo wa Asger ulifunguka kabla ya akili yake. "Haiwezekani, Merethe."

"Unasemaje?"

"Kifungu cha nguruwe waliozoeana hakiruhusu tutenganishwe. Sisi ni nguruwe. Halmashauri inatutambua."

"Usinichezee, bwana. Mimi ni waziri."

"Tunajua. Ndiyo maana tulipiga deki."

"Hicho kifungu chenu nakifuta leo hii!"

"Kifute, dada," alisema Bodil. "Mpiga picha si huyu hapa? Simama vizuri, waambie wananchi umewanyang'anya nguruwe haki zao, na uchaguzi ndio huo unabisha hodi."

Merethe akamtupia jicho mpiga picha. Kuwapunguzia watumishi haki huitwa ujasiri wa kisiasa. Kuwapunguzia nguruwe, katika nchi hii, hakuna aliyewahi kurudi bungeni baada ya hapo.

"Basi nitawafanya watu," alisema hatimaye. "Nikiagiza kwa maandishi, halmashauri itawapa kibali cha watu leo leo. Nani ana kalamu?"

Ghafla katika idara nzima ya serikali hapakuwa na kalamu. Mpiga picha, kijana wa watu asiyejua lolote, akatoa yake. Asger alitaka kusema neno la kishujaa ambalo wenzake wangelikumbuka. Alisema, "Tafadhali."

Simu ya Merethe ikaita. Alikuwa Waziri Mkuu.

"Ndiyo... Naelewa... Kuunganishwa na wizara gani?" Akageukia ukuta. "Na mimi je? ... Leo? ... Hapana, hapana, ninaelewa kabisa."

Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa ule ambao kila mtu humo ndani aliwahi kuuvaa. Mpiga picha naye alipata ujumbe, akamwomba radhi, akachukua kalamu yake na kukimbilia kwa waziri mpya. Merethe akakaa juu ya majani, buti zikiwa mbele yake.

"Wameniunganisha," alisema. "Hata hawakuniuliza."

Asger alisikia utamu moyoni. Kisha aliona aibu. Kisha utamu ukarudi, na safari hii aliuacha ukae.

"Asger, hicho kifungu," alisema Merethe polepole. "Kinamlinda kila aliyemo humu?"

"Kila nguruwe."

"Hamwezi kuniandika na mimi?"

Asger alikohoa, akavaa sauti yake ya kiofisi, ile ya upole. "Mgeni haingizwi kundini moja kwa moja. Anakaa kwanza pembeni, nyuma ya kizuizi. Wenyeji wanamwona, wanamnusa, mpaka wamzoee."

"Inachukua muda gani?"

Watumishi wote walikuwa wamejipanga upande wa pili wa kizuizi cha mbao kilichokuja na banda, wakimtazama na kutafuna mikate yao taratibu.

"Hilo," alisema Asger, "sheria imewaachia nguruwe."