Kisu cha Mama Mkwe na Suruali ya Kaka

Leo nimevuliwa nguo. Hapana, sikutukanwa na mtu. Nasema nguo yenyewe, suruali, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Kaeni vizuri niwasimulie mimi kabla shemeji zangu hawajawasimulia kwa chumvi zao.

Wengi mnanijua kwa mageti. Mimi ni fundi wa kuchomelea pale Gerezani, na kama una grili dirishani huko Magomeni huenda nimekufungia mimi (kama inalia ukiifungua, basi si mimi). Mwaka huu nikajiingiza kwenye kutengeneza visu. Nilijiambia mtu aliyeshika chuma ujana wake wote, kisu kitamshinda nini? Chuma ni chuma.

Chuma si chuma, jamani. Kisu changu cha kwanza nilikikata kwenye kipande kilichobaki cha geti, nikakipiga grenda mpaka kikang'aa, na Idi iliyopita nikampelekea mama mkwe. Sasa Bi Tatu si mama mkwe wa kawaida. Ndiye mpishi wa shughuli zote za mtaa wake, na wapishi wenzake hata wakitaka kununua mwiko wanamwuliza yeye kwanza. Alikigandamiza kwenye kiungo cha paja la kuku, kikapinda. Kuku mzima, kisu kimepinda. Akanitazama, akasema taratibu, "Baba, umenoa."

Nami kwa furaha nikamjibu, "Ndiyo mama, nimenoa kwa grenda."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilidhani anasifia makali, kumbe ni kule kunoa kwa mtaani, kwamba nimechemsha, nimeshindwa. Tangu siku hiyo shemeji zangu wakiniona salamu ni moja tu, eti vipi, umenoa? Mke wangu Rukia naye akapitisha hukumu. Nitengeneze kisu kimoja zaidi. Mama akikikataa, lile jiko langu la mkaa la kuchomea visu, na feni yake, linatoka uani, narudi kwenye mageti nitulie. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeshaipenda kazi yenyewe.

Nikaanza upya kama mwanafunzi. Chuma cha geti nikakiacha, nikatafuta springi chakavu ya lori kwa wauza spea. Sisi wa kuchomelea tumezoea kuacha chuma kipoe chenyewe, kwa raha zake. Kisu hakitaki hivyo. Kinataka kitoke motoni kikiwa chekundu kizamishwe kwenye mafuta palepale, ndipo kinakuwa kigumu. Mafuta alinipa muuza chipsi wa jirani, yaliyochoka kabisa, na ndiyo maana kisu kilikuwa kinanukia chipsi (njaa niliyofanya nayo kazi hii naijua mwenyewe). Halafu nikakioka kidogo kwenye oveni ya dada mmoja anayeuza keki, kisije kikavunjika kama kioo. Nikakitia mpini wa mninga. Nikakaa na jiwe la kunolea mpaka Rukia akaniuliza kama nimeoa jiwe. Leo asubuhi nikakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wa kushoto. Mkono huo sasa una kipara.

Basi leo ni arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa shemeji yangu, huko kwa mama mkwe Magomeni, na mpishi ni nani? Bi Tatu. Rukia alitangulia tangu alfajiri. Mimi nikaazima suruali ya kitambaa ya kaka yangu, kwa sababu zangu zote zimetobolewa na cheche. Kaka amejaliwa kiuno, mimi sikujaliwa. Nikaikaza kwa mkanda wa ngozi, ule mnene, kwenye tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari.

Sasa kisu nakibebaje? Kupita nacho Kariakoo mkononi sithubutu, nani atanisikiliza nikisema nampelekea mama mkwe zawadi? Nikakizungushia gazeti, nikakichomeka nyuma kiunoni, ndani ya mkanda, shati juu yake. Na makali nikayaelekeza nje, kwenye mkanda, yasije yakanikata mgongo. (Akili nyingi. Mama yangu alisomesha.)

Nikapanda bodaboda. Kijana yule tuta halipunguzii mwendo, analirukia. Kila tuta nahisi suruali inapata nafasi kidogo. Nikajisemea, masikini mimi, nimekonda kwa mawazo.

Nafika uani, kina mama wamejaa, vitunguu vinamenywa, sufuria ziko motoni, shemeji zangu wamejipanga ukutani kama wamekatiwa tiketi. Bi Tatu yuko kwenye kigoda na kile kisu chake cha zamani, kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama sindano. Nikainama kidogo, nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama safari hii nimemletea geti zima. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nikapeleka mkono nyuma, nikauvuta mpini kwa madaha. Gazeti likabaki vipande vipande. Nikasikia kitu kimesema "tap". Sikujali. Sasa nyinyi mnajua, mkwe hapewi kitu kwa mkono mmoja, huo ni utovu wa adabu. Nikakilaza kisu kwenye viganja vyangu viwili, mpini upande wake, nikainama kumkabidhi.

Suruali ikaondoka.

Haikuteleza, jamani. Ilishuka mara moja mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mikono yangu yote miwili ina kisu cha mama mkwe. Nikikiachia kitanikata miguu, nikikishika mkono mmoja nimekosa adabu (hebu fikirieni, mtu yuko na bukta anawaza adabu). Na bukta yenyewe ni ile ya kazini, cheche zimeitoboa kama chujio la tui. Nikabaki nimeinama vilevile.

Bi Tatu akajifunika kanga uso mzima. Nikajua yamekwisha, jiko langu leo linatoka uani. Lakini chini ya kanga ukatoka mkono, ukapapasa, ukakichukua kisu. Ukarudi tena, ukaokota kipande cha mkanda kilichoanguka miguuni kwangu. Namwona anakigeuzageuza humo ndani ya kanga.

"Rukia," akasema, "hii ni ngozi au plastiki?"

"Ngozi, mama."

Akanigeuzia mgongo, akafunua uso, akachukua kitunguu. Sikukiona kitunguu, nilisikia tu. Kisha akaukata mfupa wa kidari cha mbuzi, akakitazama kisu kwenye mwanga, akakipitisha tena kwenye kitunguu kingine. Kile kisu chake chembamba akakiweka chini, pembeni kabisa, pamoja na maganda.

"Rukia, mwambie mumeo amenoa."

Hapo nikachanganyikiwa. Amenoa ipi, ya jiwe au ya mtaani? Nikamtazama Rukia. Anacheka huku anatokwa machozi, na vitunguu hakushika yeye. Akanifunga kanga yake kiunoni, akaninong'oneza kwamba jiko linabaki. Jamani, nilitaka kulia. Nikiwa nimevaa kanga ya maua mekundu, kina mama wapishi wakanizunguka, huyu anataka cha nyama, huyu cha kukatia mchicha, mmoja anataka kirefu cha samaki. Mkubwa wa shemeji zangu pale ukutani naye akaomba kimoja, kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo cheka wewe, cheka mpaka uchoke. Mimi ni fundi visu, na aliyesema ni Bi Tatu. Chuma nimekijua, moto nimeujua, mafuta nimeyajua. Kushona ala ya kukitia kisu ndiko sikukuwaza kabisa.

Suruali ya kaka imebaki kule uani, na kaka ameshaanza kuiulizia. Mwenye safari ya Magomeni anichukulie, kwa sababu mimi kwa mama mkwe sirudi mpaka Idi.