Vita vya Sindano na Meza ya Sebuleni

Enyi mlioketi na mliosimama, mlioshiba na mnaongoja sahani, sogezeni masikio. Aliye na kikohozi akamalizie nje, maana ninalolisimulia si jambo la kusikizwa nusunusu. Wengine wamesimulia falme zilizoanguka na majemedari waliovuka milima. Mimi ninawaletea habari za kipimo kimoja cha umeme, mita ya sindano, pana kama kiganja, iliyong'olewa katika chaja mbovu ya betri za gari, ikatiwa mikononi mwa Bwana Mawimbi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, mnong'onezi wa mbali, mtu ambaye sauti yake ilijulikana ng'ambo kuliko mtaani kwake.

Mchana Bwana Mawimbi alikuwa karani wa bohari. Jioni alikuwa mtu wa redio, si ya kusikiliza taarifa ya habari, bali ya kusemea: mtambo aliouunda mwenyewe, wenye kibali halali, ambao kwa huo alizungumza na watu asiowahi kuwaona. Mtambo huo aliusimika juu ya meza ya kulia chakula, akasema ni kwa muda tu. Muda huo ukarefuka. Mke, watoto na wageni wakawa wanakula sahani ikiwa mapajani, na mchuzi ukajipatia njia zake kwenye vitambaa vya viti.

Mkewe, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, alivumilia mpaka siku kaka yake alipokuja kula. Huyo kaka naye ni mtu wa redio, na hewani walimwita Mia Kamili, kwa kuwa hakupata kutaja jina lake bila kuongeza kwamba mtambo wake unatoa wati mia kamili. Mia Kamili akajimwagia mchuzi magotini, akakasirika, akatangaza mbele ya watu wote kwamba mtambo wa shemeji yake ni mzigo wa bure unaowanyima watu meza. Ndipo Bwana Mawimbi aliposimama, kijiko mkononi, akaapa kwamba mtambo wake unatoa wati hamsini, na kama hautoi, meza irudi kwa wenyewe.

"Nimesikia," alisema mkewe. "Jumamosi tutapima."

Msidhani aliapa kwa kubahatisha. Mita ile ilikuwa na tarakimu kuanzia sufuri hadi mia, zimepangwa kwa nafasi sawa, naye alikwisha kuiunganisha na mtambo kwa vipuri vidogo vya umeme, dayodi na rezista, alivyovichagua ili sindano ikijaa iwe wati mia. Alipobonyeza kitufe cha kusemea, sindano ilipanda ikasimama kwenye hamsini. Aliiona kwa macho yake. Lakini Mia Kamili, mjanja wa vita, aliweka sharti: uso wa mita umeandikwa ampea, na shahidi wa betri hawezi kushuhudia redio; kwa hiyo achore uso mpya, wa wati.

Shujaa akaingia vitani. Aliufungua mfuniko wa kioo kwa bisibisi ya saa, akang'oa skrubu ndogo kama chembe za mchele, akauchomoa uso wa zamani chini ya sindano nyembamba kama unywele, huku amebana pumzi na nyumba nzima imebana pumzi pamoja naye. Mtoto wa pili alipiga chafya. Alipelekwa uani bila kujitetea. Uso ukatoka salama. Bwana Mawimbi akafuta jasho, akakata kadi nyeupe, akachukua penseli ili afanye hesabu ya mahali pa kila wati.

Na hapo, wasikilizaji wangu, adui alitokea ndani ya ngome. Kwa maana kanuni ya mambo haya haina huruma: kinachoisukuma sindano ni volti, na volti zikishuka nusu, nguvu haishuki nusu, hushuka ikabaki robo. Sindano ikijaa, ni wati mia. Ikisimama katikati, si hamsini. Ni ishirini na tano. Alirudia hesabu. Akabadili penseli, kana kwamba kosa lilikuwa la penseli. Ishirini na tano haikusogea.

Aliandika hamsini katikati ya kadi, akaifuta. Akaandika ishirini na tano, akaifuta nayo. Nani angejua? Mchoraji ni yeye, wino ni wake, na meza ilikuwa inaondoka. Mkewe alipita na nguo begani, akasimama.

"Mbona unafuta mpaka kadi imeota manyoya?"

"Mke wangu, napigana."

"Na nani?"

"Na hamsini."

Alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Bwana Mawimbi akabaki na kadi. Akawafikiria wale wa mbali ambao kila jioni aliwaambia wati hamsini, nao wakamwamini kwa sababu hawakuwa na njia ya kumwona. Ilimuuma, nasema wazi, ilimuuma kuliko meza. Akachovya kalamu.

Jumamosi ikafika. Mia Kamili alikuja na mtambo wake kwapani, ili watu waone sindano iliyojaa inafananaje. Ukoo ukaketi. Bwana Mawimbi akaunganisha mtambo wake na kopo la mafuta lililozamishwa rezista ndani, liyameze mawimbi yasiende kuharibu televisheni za majirani, akabonyeza kitufe. Sindano ikatetemeka, ikapanda, ikasimama katikati kabisa.

Mia Kamili, aliyeketi mbali, miwani yake ikiwa mfukoni, akashusha mabega. Alisema kwamba nusu ya mia ni hamsini, hana la kubisha, shemeji ameshinda. Watoto wakaanza kupiga makofi. Ushindi mzima ulikuwa umewekwa mapajani mwa shujaa, na adui mwenyewe ndiye aliyeuleta. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu.

Bwana Mawimbi akainuka, akaweka mkono kifuani.

"Shemeji, asante, lakini siupokei. Sogea usome. Katikati ya mita hii ni ishirini na tano. Niliapa hamsini mbele yenu, na nusu yake nzima haikuwapo. Mke wangu, chukua meza yako."

Mia Kamili akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha, ili kumzika vizuri aliyeanguka, akachomeka mtambo wake mwenyewe kwenye mita ile ile, akabonyeza. Sindano ikapanda. Haikufika katikati. Akakigonga kioo kwa kidole. Ikabaki pale pale, kwenye kumi na nane.

"Mita hii mbovu," alisema.

"Ilipomwangusha mwenyewe ilikuwa nzima," alisema dada yake.

Mke wa shujaa akautazama ule uso mweupe na tarakimu zake zilizoachana kushoto na kubanana kulia, akatoa hukumu: meza inarudi kwenye sahani leo hii, kiapo ni kiapo, lakini mtambo hauendi stoo. Utawekwa kwenye rafu pamoja na mita yake, hapa hapa sebuleni. "Kitu kisichomwogopa hata aliyekichora," alisema, "nakitaka nyumbani kwangu."

Jioni ile sahani zilikaa mezani. Rafu ilikuwa juu, kwa hiyo Bwana Mawimbi alisema na dunia akiwa wima, na kwa mara ya kwanza akatamka wati ishirini na tano. Sauti ya ng'ambo ikamjibu kwamba inamsikia vizuri kama jana.

"Wasalimie," alisema mkewe akivuta kiti. "Halafu uje ule, chakula kinapoa."

Basi watajeni walioteka miji, ni haki yao. Ila mkishawamaliza, mtajeni pia yule aliyepigwa na mita aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo akala mezani.