Mguu wa Kushoto wa Mume wa Mama Lishe

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

KUH: NENO "ATROFI" LIONDOLEWE KWENYE CHETI CHA MUME WANGU, AU ALETWE MGIRIKI MWENYEWE AJIELEZE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na madaktari wako, na kalamu zao pia, maana naona hazipati mapumziko.

Mimi ni mama lishe. Banda langu linatazamana na lango lenu la nyuma. Ukiona wauguzi wako wamerudi kazini mchana wakiwa na macho mazito, ujue ni mimi niliyewashibisha. Mume wangu ni fundi viatu. Alianguka kwenye ngazi akifuata soli juu ya kabati, akavunjika mguu wa kushoto, mkamfunga plasta wiki nane. Mlimtibu vizuri na nawashukuru. Mwezi mmoja baada ya kutolewa plasta tulirudi kukaguliwa. Daktari wako kijana akaupima mguu kwa utepe, akaona umekonda kuliko mwenzake, akaandika: "Atrofi ya misuli, mguu wa kushoto." Hakueleza zaidi. Naomba sasa nieleze mimi yaliyofuata.

1. Cheti nilikwenda nacho bandani. Yuko mteja wangu mmoja, mwalimu wa bayolojia, tunamwita Mwalimu Mizizi kwa sababu hawezi kuliona neno bila kulichimba. Akakisoma cheti kwa sauti ya darasani, watu kumi na mmoja wakiwa mezani. "Hiki ni Kigiriki, mama. *A* ni bila. *Trofi* ni lishe. Atrofi: bila lishe."

Vijiko vikatua. Dereva wa gari la wagonjwa akanitazama, akaitazama sahani yake, akasema, "Kumbe mama lishe wetu, mumewe hana lishe!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na maharage. Tangu siku hiyo watu wazima, wenye ajira na vitambulisho shingoni, wananiita Mama Atrofi. "Mama Atrofi, niongeze mchuzi." Wengine wamehamia kabisa banda la pili, ambako viazi huiva upande mmoja.

2. Naomba madaktari wako waliosoma miaka mingi wanisaidie jambo moja mimi niliyesoma michache. Ikiwa nilimnyima chakula, kwa nini ukonde mguu mmoja? Napika sufuria moja. Mume wangu ana mdomo mmoja, nimeukagua. Sijawahi kupika chakula cha mguu wa kulia nikausahau wa kushoto. Kama mna kipimo kinachoonyesha supu yangu inageukia wapi ikifika kiunoni, nionyesheni. Kama hamna, basi mnaandika msichokijua kwa lugha msiyoizungumza, kisha mnagonga muhuri.

3. Habari zikamfikia wifi yangu. Alikuja na mabegi mawili na mabakuli saba, akasimama mlangoni, hata salamu hajatoa, akasema, "Nimekuja kumwokoa kaka yangu." Ana wiki ya tatu sasa. Anaonja kila ninachopika kwa uso wa askari wa forodha. Mume wangu anakula mara mbili, kwangu na kwa dada yake, kwa sababu anaogopa pande zote mbili, na hivi sasa amenenepa kila mahali isipokuwa mguu ule.

4. Hapa, Mganga Mkuu, sifanyi mzaha. Wifi naye ana cheti chenu. Chake kimeandikwa "haipatrofi ya moyo". Mwalimu Mizizi akachimba tena: "*Haipa* ni kupita kiasi. Lishe kupita kiasi." Mtu mwingine angeshtuka. Wifi akainua kidevu: "Mnaona? Kwetu tulilelewa. Hata moyo umeshiba!" Dawa mlizompa kazificha nyuma ya kopo la sukari, maana nani anatibiwa shibe? Akipanda ngazi tatu za mlangoni anashika ukuta. Huyu mtu simpendi, lakini sitaki afe kwa sababu ya tafsiri.

5. Kunituliza, Mwalimu Mizizi akasema binadamu wote ni heterotrofi, yaani hulishwa na vingine, na kwamba mimea ndiyo autotrofi, hujipikia yenyewe kwa jua. Hakuna kilichowahi kunivutia katika elimu kama hicho. Basi mpeni mume wangu cheti cha autotrofi, na wifi pia. Nitawaweka uani asubuhi, nitawamwagilia maji, nitafunga jiko, na mtu yeyote akikonda atalishtaki jua.

Kwa hayo yote naomba neno hilo lifutwe. Likikataa kufutika, chini yake paandikwe kwa Kiswahili, "Mkewe hahusiki", na muhuri. Pia naomba daktari mwenye sauti nzito amweleze wifi kwamba moyo mkubwa si sifa, na amsimamie mpaka ameze dawa.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na mpishi wenu, ambaye chakula chake nakisikia tu kwa wagonjwa. Daktari kijana mwambie sina kinyongo naye. Yeye alinakili tu.

Wako katika kulisha,

Mama Lishe wa lango la nyuma

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha alipopita bandani yule dada wenu wa chumba cha mazoezi. Akauliza, "Mama, mbona mgonjwa hamkumleta hata siku moja? Misuli isiyofanya kazi hukonda, hata ukiilisha ng'ombe mzima." Nikaacha kutafuta bahasha. Karatasi ya mazoezi, siku ya kutolewa plasta, niliipokea mimi, nikaikunja nikaificha. Daktari alipouliza kama mume wangu anafanya mazoezi, mimi ndiye niliyewahi kujibu, "Kila siku." Miaka kumi na tisa mume wangu alikuwa anatoka alfajiri na kurudi amechoka, haongei. Alipovunjika alishinda nami bandani, mguu juu ya kreti, akimenya vitunguu na kunisimulia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Kila alipotaka kusimama nilimwambia, "Kaa, usijiumize." Akakaa.

Kwa hiyo malalamiko yangu yafuteni, ila lile la wifi. Yeye nitamleta mwenyewe. Mume wangu mpangieni Jumatatu asubuhi. Nimemwambia ukweli leo mchana. Alicheka, akaomba fimbo yake ya kutembelea.