Blanketi la Nyumba

Jumanne, 14 Januari
Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mke wangu Verna kaondoka kwenda kwa dada yake mjini Regina, kurudi Jumapili. Kaniachia kazi moja: mlimau wake usife. Kauotesha kwa mbegu, kaulea humu sebuleni miaka ishirini na sita, na mwaka huu ndio kwanza umetoa tumba la ua. Mlangoni kanishika mkono, kasema nakuomba, Garnet, usibuni chochote. Mimi! Kubuni!

Alipokata kona tu nikachukua koleo la kuzolea theluji. Marehemu baba kila Januari aliizungushia nyumba yetu ya shambani theluji, nasi tukalala ndani kama vifaranga. Nimeizungushia hii pande zote nne, hadi kiunoni. Nyuma kuna mabomba mawili meupe yametokeza ukutani, yanatoa mvuke. Nimeyafunika nayo, maskini, yasipigwe na baridi. Orest, jirani yetu, fundi mstaafu wa matanuri ya kupasha nyumba joto na mjuzi wa kila kitu, kasimama uani kwake akitazama. Kaniuliza namzika nani. Wivu tu.

Jumatano, 15 Januari
Nimeamka naiona pumzi yangu mwenyewe. Tanuri limenyamaza! Siku ya kwanza ya blanketi langu la theluji, bahati mbaya iliyoje. Nimeteremka chumba cha chini. Linaguna, linapepesa taa nyekundu, kisha kimya. Nimezima, nimewasha. Nimebadili betri za kile kidude cha joto ukutani. Nimelipiga kofi. Nimelibembeleza, nikaliita mpenzi. Wapi!

Orest kapaza sauti toka kwake: we mzee, mbona madirisha yako yameganda, tanuri zima hilo? Nimemjibu nyumba inapumzika. Bora nigande kuliko kumwona akicheka.

Alhamisi, 16 Januari
Barafu imechora maua kwenye vioo vya sebule. Mazuri, kusema kweli. Nimesimamisha hema letu la kiangazi katikati ya zulia, tumeingia mimi, mlimau na chupa nne za maji ya moto. Jua la mchana likapenya kitambaa, kila kitu kikawa kijani. Harufu ya majani ya limau. Nikasinzia. Nikajiona ziwani ndani ya mtumbwi, Verna kavaa gauni lake la buluu, anapiga kasia bila haraka, na juu yetu, badala ya jua, limau kubwa.

Nimeamka na majani matatu kifuani. Verna kapiga simu, kauliza mti unaendeleaje. Nimesema unapumua. Si uongo.

Ijumaa, 17 Januari
Nimegundua kosa. Blanketi jembamba! Nimeongeza theluji hadi mabegani, nyuma hasa nimeshindilia. Mchana nimenunua chujio jipya la hewa ya tanuri, maana muuzaji kasema chujio chafu humaliza tanuri lolote. Tumerudi hemani. Majani kumi na mawili yameanguka, na lile tumba limejikunyata. Nimeogopa. Nauona uso wa Verna mlangoni, anavua glavu polepole.

Jumamosi, 18 Januari
Majani yamebaki tisa. Nikatazama majani tisa, nikaona aibu yangu si kitu. Nimekwenda kumgongea Orest, nimemwomba anisaidie. Hakucheka. Kaja, tena bila hata begi la vifaa! Koleo tu. Kazunguka nyuma ya nyumba. Fundi gani huyo? Nimemwacha, nimeteremka kuweka chujio langu. Nasikia huko nje anakwangua, anatukana kwa lugha ya bibi yake. Nimelisukuma chujio mahali pake, na papo hapo tanuri likanguruma! Nimelitengeneza kwa mikono yangu!

Orest kaingia anahema. Ati mabomba ndiyo pua ya tanuri, ati nimeliziba pumzi, nishukuru linajua kujizima, lina akili kuliko mwenye nyumba. Nimemwacha aseme, keshazeeka. Ila blanketi langu kalichana vibaya.

Jumapili, 19 Januari
Verna karudi. Kayahesabu majani kwa kidole, tisa. Kisha kainama: tumba limefunguka. Ua moja jeupe, dogo kama kifungo cha shati, na chumba kizima kinanukia. Kalia. Kanibusu kwenye paji la uso. Tumesimama pale hata sijui muda gani, tanuri likivuma chini taratibu, nami nikajihisi nimo tena ndani ya ule mtumbwi. Kauliza nilibuni nini. Nimesema nilibadili chujio.

Jumanne, 21 Januari
Jana Verna kasema nimpelekee Orest keki ya shukrani. Keki tu haitoshi! Kwa mtu aliyekuja bila kunicheka? Jana hiyohiyo jioni Orest alipotoka kwenda kunyolewa, nikachukua koleo. Nyumba yake ilikuwa uchi, inatia huruma. Nimeifunika yote hadi mabegani, nikaanzia na mabomba yake mawili ya nyuma, yalikuwa yanahema kwa baridi.

Asubuhi hii nimeketi kando ya mlimau na chai yangu. Namwona Orest dirishani, yuko jikoni kwake na kofia ya manyoya kichwani, glavu mikononi. Kanitazama kwa muda mrefu. Sasa katoka, kachukua koleo, anakuja huku mbio. Kumbe naye kalipenda blanketi! Anakuja kunirudishia langu.