Sanduku la Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Vijana wa mtaa huu ni mimi. Mama Cherehani, fundi nguo wa kona ya pili, ameambulia ukatibu. Alijikaza kutabasamu, lakini nilimwona roho inavyomuuma.

Kamati imezaliwa na msiba. Wiki iliyopita tulimzika mtoto wa muuza mkaa. Miaka kumi na mitano tu. Alikuwa akiiba vidonge vya maumivu vya bibi yake, vile vikali, mpaka asubuhi moja hakuamka. Kitinda, binti yangu wa mwisho, alikuwa akikaa naye dawati moja. Tangu mazishi hali chakula, halali. Leo kanifuata karakana kuniambia kwamba akifumba macho anamwona. Nikamwambia ashike vitabu, usingizi utakuja wenyewe. Kisha nikaendelea kupiga randa, maana nina kiti cha kujitengenezea. Mwenyekiti hawezi kukalia benchi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Mama Cherehani kaleta wazo. Chumba chake cha kushonea kiwe wazi kila siku shule ikitoka, vijana waje wakae, washone, wazungumze, na awepo mtu mzima wa kuwasikiliza. Basi! Ndiyo wazo zima hilo. Nikauliza mgeni rasmi akija kwenye sherehe ya kamati ataonyeshwa nini, watu waliokaa?

Nikatoa langu. Sanduku! Kila nyumba ilete dawa zilizobaki kabatini, watoto wasizifikie. Nitalitengeneza kwa mkono wangu, mbao ngumu, mbele kioo, ili mtaa uone mafanikio. Makofi! Mama Cherehani akasema wazo ni zuri kweli, ila sanduku likae zahanati, na kila Ijumaa muuguzi azichukue dawa zikateketezwe. Nikamjibu kwamba zahanati hakuna usalama. Ukweli ni kwamba zahanati hakuna jina langu. Litakaa sebuleni kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Sanduku limekwisha. Limeng'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Kufuli la kutisha! Ufunguo nimeuficha nyuma ya saa ya ukutani, mahali ambapo hata mwizi mwenye shahada hapafikirii. Nilipanda kigoda. Kitinda alikuwa hapo hapo kwenye kochi anasoma, nikamwambia asitazame. Akageuza uso. Mtoto mtiifu huyu.

Jumatano, 12 Machi

Watu wanaleta dawa kwa mifuko! Tatizo ni sura yake. Makaratasi, vichupa, vibandiko vya hospitali. Mgeni rasmi ataona takataka. Nimekaa mchana kutwa natoa kidonge kimoja kimoja kwenye pakiti yake na kumimina sandukuni. Vyekundu, vya manjano, vya bluu. Mbona kupendeza! Pakiti nimezichoma nyuma ya nyumba. Mama watoto akauliza sasa nani atajua kipi ni kipi. Nikamwambia vinakwenda kuteketezwa, moto unajua kusoma?

Mama Cherehani kafungua chumba chake bila baraka zangu, na darasa zima la Kitinda limehamia huko. Kitinda kaja kuomba ruhusa. Kasema wenzake huwa wanamzungumzia yule marehemu, na yeye anataka kumzungumzia pia. Nikakataa katakata. Binti wa mwenyekiti kwenye kambi ya wapinzani! Watu watanicheka. Nimempa kazi ya heshima: akirudi shule akae nyumbani alinde sanduku. 

Ijumaa, 14 Machi

Muuguzi kaja na begi lake kuchukua dawa. Nikamwambia arudi baada ya sherehe ya tarehe ishirini na mbili. Nitamwonyesha mgeni rasmi sanduku tupu? Akawa mkali, akasema kuziweka nyumbani ni hatari. Nikasema ufunguo umepotea. Akaondoka akinung'unika. Bila shaka katumwa na Mama Cherehani.

Lakini nyumbani kuna baraka. Saa yetu, tangu tuinunue, huchelewa. Sasa inakwenda sawasawa! Mama watoto anasema ni Kitinda. Kila akitoka shule hupanda kigoda na kuirekebisha. Hakuna aliyemtuma! Na sasa analala vizuri. Jana kapitiwa mezani, uso kwenye daftari, mpaka tukambeba. Nilisema mimi, usingizi utakuja wenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Hujuma! Vidonge vimepungua. Juzi vilikuwa vimefika katikati ya kioo, leo viko chini ya hapo. Vyeupe vikubwa karibu vimekwisha. Mama watoto akaanza kusema tuzungumze na Kitinda, anamwona hayuko sawa, macho yake yamezama. Nikamkata kauli. Huu si wakati wa mambo ya macho. Kuna mtu anataka nionekane sijafanya kitu, na mtu huyo ana cherehani.

Nimejaza magazeti chini ya vidonge ili vipande juu. Kwa mbele huoni tofauti. Kisha nimetandaza unga wa mbao sakafuni, mwembamba kabisa. Yeyote atakayepita ataacha nyayo. Nina akili jamani, sijui kwa nini sikwenda upelelezi.

Jumatano, 19 Machi

Kanaswa! Nyayo za kandambili, mguu mdogo. Na Mama Cherehani, mtaa mzima unajua, ana miguu ya kitoto! Zinaanzia chumbani kwa Kitinda na kuishia kwenye kigoda chini ya saa. Mjanja sana. Anaingilia dirisha la mwanangu.

Nikamuuliza Kitinda kama alisikia mtu akiingia. Akaanza kulia. Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo, akasema baba kuna kitu anataka kuniambia. Nikamwambia asiogope, baba yake ameshamjua mwizi. Hicho kitu akiweke hadi Jumamosi ipite, maana nilikuwa nimechelewa kwa fundi wa vipaza sauti. Akauachia mkono wangu. Shati langu likabaki na machozi, ikabidi nibadilishe.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui niandike nini. Naandika tu.

Uwanja ulijaa. Mgeni rasmi kakaa mbele, sanduku mezani limefunikwa kitambaa. Kitinda alikuwa afungue kwa shairi la kukataa dawa za kulevya. Asubuhi alisema anaumwa, anaona giza. Nikamwambia ni woga wa jukwaa, ajilaze kidogo kisha atufuate. Mama yake alitaka kubaki naye. Nikamwambia mke wa mwenyekiti asipoonekana ni aibu.

Zamu ya shairi ikafika, Kitinda hayupo. Mama Cherehani akanyanyuka kwenye kiti chake akauliza mtoto yuko wapi, hakungoja jibu, akatoka. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu! Nikavuta kitambaa, nikashika kipaza sauti, nikautangazia mtaa kwamba tumeibiwa, na mwizi ndiye huyo anayekimbia. Nikaonyesha nyayo nilizozichora. Watu wakaguna. Mgeni rasmi akatazama saa yake.

Ndipo nikasikia ukelele wa mke wangu. Mama Cherehani alikuwa anarudi na Kitinda mgongoni, miguu ya mtoto inaning'inia, mmoja una kandambili, mwingine hauna. Mgeni rasmi alitoa gari lake. Watu wote wakakimbilia huko. Nilibaki jukwaani na kipaza sauti mkononi, na sanduku.

Jumapili, 23 Machi

Hospitali. Mpira puani, sindano mkononi, mwanangu kawa mdogo kitandani. Daktari aliniuliza amemeza dawa gani. Nikasema za rangi zote. Akaomba pakiti. Nikasema nimezichoma. Akamgeukia muuguzi wakaanza kubahatisha.

Mama watoto hanisemeshi. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba mtoto alikuwa akitafuta usingizi. Usingizi tu! Nikaenda chooni nikalia, nimeuma mkono nisisikike. Nilimwomba Mungu anichukue mimi amwache yeye. Sijawahi kuogopa hivi maishani mwangu.

Alhamisi, 27 Machi

Kitinda kafumbua macho! Kanitambua. Sauti hana bado. Daktari anasema ini limeumia, atakaa hapo muda, na hata akitoka hatutajua mapema kama litapona. Aliomba kwa ishara aitiwe Mama Cherehani. Sikuelewa kwa nini, ila nikamwita. Kakaa naye mchana mzima, anapinda nguo ya mtu na kumsikiliza. Nimesikia wanamtaja yule mtoto wa muuza mkaa. Nilipoingia wakanyamaza.

Kamati imenivua uenyekiti. Wivu tu. Sanduku wamelivunja na dawa wamempa muuguzi.

Lakini sikukaa bure. Nimefikiri kwa kina, kama baba, nikapata chanzo cha yote. Kioo! Kioo kinatamanisha. Mtoto anaona rangi mchana kutwa, atafanyaje? Basi leo nimeanza sanduku jipya, kubwa mara mbili, mbao tupu pande zote. Nimeshapita nyumba za jirani kuomba dawa. Wengine walinifungia mlango, lakini mama mkwe kanipa za kwake za usingizi, mfuko mzima. Likikamilika, hata Mama Cherehani atanyoosha mikono. Litakaa sebuleni. Ufunguo nitauweka nyuma ya saa pale pale, nikihamisha nitasahau mwenyewe.

Saa nayo imeanza tena kuchelewa. Mimi na mama yake tumejaribu, haishiki. Kitinda akirudi nitamwambia apande kigoda airekebishe. Hakuna anayeiweza kama yeye.